Meneja mkuu wa besiboli anapimwaje? Maana ya dili nzuri na dili mbaya

Agosti 12, 1987, Detroit Tigers waliwapa Atlanta Braves kijana wa miaka 20 aliyekuwa akirusha mpira katika ligi za chini. Wao wakapewa Doyle Alexander, mrushaji wa miaka 36. Kijana huyo aliitwa John Smoltz, na msimu ule alikuwa ameshinda mechi 4 na kupoteza 10 (katika besiboli matokeo ya mechi huandikwa kwa jina la mrushaji mmoja). Alexander alitua Detroit akashinda mechi 9 bila kupoteza hata moja, na Tigers wakaongoza kundi lao kwa tofauti ya mechi 2 tu mbele ya Toronto. Smoltz naye akawa nguzo ya Atlanta kwa miongo miwili, akatwaa Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, mwaka 1996, na mwaka 2015 akaingizwa kwenye Jumba la Heshima la besiboli la Cooperstown.

Je, Bill Lajoie, meneja mkuu wa Tigers, alipatia au alichemsha? Orodha nyingi za dili mbovu za besiboli zina jina lake. Mimi nisingeliweka humo, na sababu zake ndizo zinazoeleza maana yenyewe ya kumpima mtu wa kazi hii.

Kwanza tumjue. Meneja mkuu si yule anayekaa benchi akipanga nani aanze na nani atoke. Huyo ni kocha. Meneja mkuu hukaa ofisini: ndiye anayesajili, anayebadilishana wachezaji na klabu nyingine, anayeamua chipukizi gani apandishwe na nani atemwe. Siku hizi klabu nyingi zimemweka juu yake rais wa shughuli za besiboli, lakini kazi ni ileile na lawama ni zilezile.

Msomaji aliyezoea dirisha la usajili la soka aangalie tofauti moja. Katika ligi kuu ya Marekani, mchezaji kwa kawaida haendi kwa ada ya uhamisho. Klabu inatoa mchezaji na kupokea mchezaji, mkataba unahama pamoja naye, na wengi hawaulizwi kama wanataka kuhama. Kwa hiyo kila sifa ya aliyeingia ina deni la aliyetoka. Ukisikia shabiki anasifia "tumemleta fulani" bila kutaja waliotolewa, ujue hajaanza kuhesabu.

Hesabu yenyewe siku hizi hufanywa sana kwa kipimo kiitwacho WAR. Kinakadiria mchezaji ameiongezea timu ushindi mechi ngapi kuliko ambavyo angeleta mtu wa kuokoteza, yaani yule anayeweza kupandishwa kesho asubuhi kutoka ligi za chini kwa mshahara wa chini kabisa. Timu nzima ya watu wa namna hiyo inakadiriwa ingeshinda kama mechi 48 kati ya 162 za msimu. Mchezaji wa kawaida wa kikosi cha kwanza huongeza ushindi 2 hivi, nyota huongeza 5 au 6, na anayewania tuzo ya mchezaji bora hufika 8 au zaidi.

Njia ya mkato ni kujumlisha WAR ya waliotoka na ya walioingia, miaka kumi baadaye, na kumtangaza mshindi. Ni njia rahisi, na ndiyo inayompaka Lajoie matope. Lakini ushindi aliouleta Smoltz mwaka 1996 usingewasaidia Tigers Septemba 1987. Wakati ule ligi kuu ilikuwa na ligi mbili ndani yake, kila moja na makundi mawili, na aliyemaliza wa pili alikwenda nyumbani hata kama ameshinda mechi 96, kama walivyofanya Toronto mwaka huo. Detroit walikuwa na kikosi cha wakongwe ambacho mlango wake ulikuwa unafungwa. Walihitaji mrushaji wiki ile, wakampata bora kuliko walivyothubutu kuomba. Kwamba baadaye Minnesota waliwatoa katika hatua ya mtoano, na Alexander mwenyewe akapoteza mechi mbili humo, si kosa la aliyesaini karatasi za Agosti.

Hapo kuna maswali mawili ambayo watu huyachanganya. Moja ni la historia: nani alifaidika? Lingine ni la kumpima mtu: kwa yale yaliyojulikana siku ile, kwa hali ya klabu siku ile, uamuzi ulikuwa na akili? La kwanza linajibiwa na takwimu. La pili linataka urudi kwenye tarehe yenyewe, ujifanye hujui kilichofuata, na kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika.

Kitu kinachobadilishwa hasa ni miaka. Mchezaji akishafika ligi kuu, klabu humiliki haki zake kwa misimu 6 kabla hajawa mchezaji huru. Takriban mitatu ya mwanzo hulipwa mshahara wa chini au unaokaribia huo, ambao mwaka 2024 ulikuwa dola 740,000. Baada ya hapo, wasipoelewana, mshahara huamuliwa na wasuluhishi. Ndiyo maana chipukizi asiyejulikana na mtu hugharimu nyota: anayempokea anapokea miaka sita ya bei nafuu. Na nyota aliyebakiza miezi miwili kwenye mkataba wake ana thamani ya miezi miwili tu, jina liwe kubwa namna gani.

Boston walilipia somo hilo mwishoni mwa Agosti 1990. Walimchukua Larry Andersen kutoka Houston aimarishe warushaji wa akiba, naye akafanya kazi nzuri kwa vipindi 22 (mechi moja ina tisa), timu ikaongoza kundi, kisha Oakland wakawafagia. Msimu ulipoisha Andersen akaondoka. Aliyetolewa aliitwa Jeff Bagwell, ambaye mwaka uliofuata alikuwa mchezaji chipukizi bora wa ligi na mwaka 1994 mchezaji bora kabisa. Inafanana na dili ya Smoltz kwa juu, lakini mimi hii naihukumu kwa ukali zaidi. Andersen alikuwa mtu wa vipindi vichache, si wa kuanza mechi, na Bagwell alikuwa tayari anapiga vizuri katika ligi za chini.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Montreal. Juni 2002 Omar Minaya, meneja mkuu wa Expos, alimchukua mrushaji Bartolo Colón kutoka Cleveland. Katika malipo yake walikuwamo chipukizi watatu: Cliff Lee, Grady Sizemore na Brandon Phillips. Lee alikuja kutwaa Cy Young mwaka 2008, Sizemore na Phillips wakawa nyota wa michezo ya mastaa. Colón alishinda mechi 10 na kupoteza 4, Expos wakamaliza na ushindi 83, nje ya mtoano, na majira ya baridi hayo hayo wakampeleka Chicago. Kwa karatasi ni wizi wa mchana kweupe.

Sasa rudi Juni 2002. Novemba iliyotangulia wenye klabu walikuwa wamepiga kura kufuta timu mbili, na kila mtu aliamini Montreal ni mojawapo. Expos hawakuwa hata na mwenyewe: ligi ndiyo iliyokuwa ikiimiliki klabu hiyo. Chipukizi atakayeiva mwaka 2006 ana faida gani kwa timu ambayo huenda isiwepo 2003? Minaya alitumia mali ambayo kesho ingeweza kugawiwa kwa wengine. Agosti, wiki chache tu baadaye, mkataba mpya kati ya ligi na wachezaji ukazuia kufutwa kwa timu yoyote hadi 2006, na hesabu yote ikageuka. Bado naona alitoa mmoja zaidi ya alivyopaswa, lakini mantiki yake ilisimama. Halafu kuna jambo ambalo wanaoisifu Cleveland hulisahau: Phillips huyohuyo walimchoka, wakampeleka Cincinnati mwaka 2006 karibu na bure, na huko ndiko aling'ara. Aliyeshinda dili hakujua ameshinda nini.

Kumbe basi kila kitu kinaweza kusamehewa kwa kusema "siku ile hawakujua"? Hapana. Julai 31, 2018, Pittsburgh walimtaka mrushaji Chris Archer wa Tampa Bay. Waliwatoa mrushaji Tyler Glasnow na Austin Meadows, kisha wakaongeza mchezaji wa kutajwa baadaye, ambaye alikuwa Shane Baz, chaguo lao la kwanza la mwaka uliotangulia. Archer alikuwa ameshaanza kushuka, na hilo lilionekana kwenye takwimu zake za misimu miwili nyuma. Pittsburgh walikuwa timu ya katikati iliyopata wiki chache nzuri za Julai. Glasnow walikuwa naye mikononi, mkono wake wa nguvu ulikuwa wazi kwa kila mwenye macho, na walishindwa kumfundisha. Miaka miwili baadaye ndiye aliyeanza mechi ya kwanza ya World Series, fainali ya ubingwa, akiwa na Tampa Bay. Meneja mkuu wa Pittsburgh alifukuzwa Oktoba 2019. Hapa maswali yote mawili yanatoa jibu moja.

Kuna upande wa kazi hii usiopigiwa kelele: kupanga orodha. Kikosi cha mechi ni wachezaji 26, na orodha pana inayolindwa ni 40. Kumpandisha mmoja maana yake mwingine aondoke. Mchezaji anaweza kurudishwa ligi za chini kwa uhuru katika misimu mitatu tu. Baada ya hapo, kumshusha ni lazima kwanza atangazwe kwa klabu nyingine zote, na yoyote inaweza kumnyakua. Makosa mengi makubwa hufanyika hapa, kimya kimya, bila mabadilishano yoyote.

Desemba 2002 Minnesota walimtema David Ortiz. Alikuwa na miaka 27, msimu uliokwisha alikuwa amepiga mipira 20 nje ya uwanja, lakini mwili ulikuwa umemsumbua na mshahara wake ungepanda kwa usuluhishi. Minnesota hawakupata kitu. Boston wakamsajili Januari kwa dola milioni 1.25. Akaipa Boston mataji ya 2004, 2007 na 2013, akamaliza na mipira 541 nje ya uwanja, akaingia Cooperstown mwaka 2022.

Wengi huishia kuwacheka Minnesota. Lakini kwa zaidi ya mwezi mzima klabu yoyote ingeweza kumchukua kwa fedha kidogo, na hazikumchukua. Hata Theo Epstein, meneja mkuu wa Boston anayepewa sifa, alianza msimu wa 2003 akiwa na watu kadhaa wa kugombea nafasi ya Ortiz, naye hakuwa akicheza kila siku. Nafasi ilimfungukia Ortiz pale mwenzake Shea Hillenbrand alipopelekwa Arizona mwishoni mwa Mei. Sifa anayostahili Epstein ni ya kutupa nyavu nyingi za bei ndogo, kisha kutoa nafasi kwa aliyeonyesha. Ni sifa kubwa, ila si ya kuona yajayo.

Swali la mwisho ni la mkono ulioshika kalamu. Februari 2020 Boston walimpeleka Mookie Betts kwa Los Angeles Dodgers, pamoja na David Price, na kupokea Alex Verdugo, Jeter Downs na Connor Wong. Betts alitwaa ubingwa mwaka huohuo na kusaini mkataba wa miaka 12 wa dola milioni 365. Lawama zilimwangukia Chaim Bloom, mkuu wa shughuli za besiboli wa Boston, aliyeajiriwa miezi michache tu kabla. Lakini mwenye klabu alikuwa ameshasema hadharani, kabla Bloom hajafika, kwamba wanataka kushuka chini ya dola milioni 208, kiwango ambacho klabu ikikizidisha kwa mishahara hutozwa kodi. Bloom apimwe kwa alichopata, si kwa kumwachia Betts.

Wa kumtazama kwa hilo ni Bing Devine, meneja mkuu wa St. Louis Cardinals. Juni 15, 1964 alimpeleka Chicago mrushaji Ernie Broglio, aliyekuwa ameshinda mechi 18 mwaka uliotangulia, akamchukua Lou Brock, aliyekuwa akisuasua. Waandishi wengi wa Chicago walishangilia. Kiwiko cha Broglio kilikuwa tayari kinamsumbua, na alishinda mechi 7 tu kwa Cubs kabla ya kuachana na ligi kuu. Brock akawaka moto palepale. Lakini mwenye klabu, August Busch, alikosa subira: Agosti kibarua cha Devine kikaota nyasi. Oktoba Cardinals wakatwaa World Series, na Devine, akiwa ameshafukuzwa, akatangazwa mtendaji bora wa mwaka.

Busch alimrudisha mwishoni mwa 1967. Mwaka 1972 mrushaji Steve Carlton aligombana na klabu juu ya dola elfu chache za mshahara, Busch akaamuru aondolewe, na Devine akampeleka Philadelphia kwa kubadilishana na mrushaji Rick Wise. Msimu huo Philadelphia walishinda mechi 59. Carlton peke yake alishinda 27 kati ya hizo. Kwenye vitabu vya Cardinals dili zote mbili, ya Brock na ya Carlton, zimeandikwa kwa jina la Devine.