Soseji za fenesi: yanayosemwa na niliyoyakuta jikoni

Nilipomwambia muuza matunda wa soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, kwamba nataka fenesi bichi, bichi kabisa, alinitazama kama niliyemwomba chai isiyo na maji. "Dada, hilo utalila na nini?" Nikamjibu: chapati. Alicheka, lakini mzigo uliofuata kutoka Kyela ulikuja na moja la kijani, ukubwa wa mpira wa miguu. Nikaligeuza soseji zisizo na nyama, na tangu siku hiyo nimesikia mengi kuzihusu, na wasemaji wengi hawajazionja.

"Fenesi ni tamu, soseji itakuwa kama jamu." Lililoiva, ndiyo. Changa halina utamu wala ile harufu inayojaza nyumba nzima. Sukari huja linapoiva. Ladha yake imepoa, karibu na ndizi mbichi, na hufuata kiungo utakachotia: kitunguu saumu, pilipili manga, bizari nyembamba.

"Utomvu wake ni sumu." Si sumu, unanata tu kama ulimbo. Paka mafuta ya kula kwenye kisu, ubao na mikono kabla ya kukata. Wifi yangu alidharau, akashinda na vidole vilivyogandana, sabuni haisaidii kitu, hadi tulipovisugua kwa mafuta ya alizeti. Mwenye mzio wa glovu za mpira ndiye ajihadhari, maana baadhi yao fenesi nalo huwadhuru.

"Lina protini kama nyama." Hapa ndipo watu wanapotezwa. Gramu 100 za fenesi bichi hazifikishi gramu 3 za protini. Soseji ya nyama ya uzito huohuo mara nyingi ina zaidi ya gramu 10. Kinachofanana na nyama ni zile nyuzi, zinazochambuka kama kuku aliyechemshwa. Basi. Fenesi ni mboga. Anayetaka soseji ya kushibisha aitafute protini kwingine, na sisi wa Nyanda za Juu Kusini hatuna haja ya kwenda mbali: maharage. Yakishapikwa yana gramu 8 au 9 kwa kila gramu 100. Mimi naponda ya njano, kikombe kimoja kwa vikombe viwili vya fenesi. Ila vitamini B12 haimo humo kote, kwa hiyo aliyeacha nyama, mayai na maziwa kabisa aipate kwa vidonge au vyakula vilivyoongezewa.

"Bila utumbo wa mnyama hazishikani." Jaribio langu la kwanza lilisambaratika kwenye kikaango, na mimi pia nikalaumu ngozi. Kosa lilikuwa maji. Fenesi likichemshwa dakika 40 hivi hujaa maji. Lisage au litwange, kisha likamue kwenye kitambaa kama unavyokamua tui, hadi lisitoe tone. Ndipo utie maharage, viungo, mafuta kidogo na unga wa ngano, ambao ndio gundi. Kanda sana. Viringisha kwenye jani la mgomba lililobabuliwa motoni, funga ncha mbili kwa ukamba wa mgomba, pika kwa mvuke nusu saa. Ziache usiku kucha kwenye friji (Julai, Mbeya yote ni friji), kisha ndiyo ukaange. Ukilibandua jani, soseji inabaki na mistari yake, na harufu ya moshi kwa mbali.

"Hicho ni chakula cha Wasabato." Wapo wasiokula nyama, lakini Wasabato wengi ninaowajua hula ng'ombe na kuku bila shida. Kitimoto, yaani nguruwe, ndiyo hawagusi.

"Haina nyama, basi ni ya afya." Ni kweli kwamba mwaka 2015 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliziweka nyama za kusindika, soseji zikiwemo, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, na soseji ya fenesi si nyama. Lakini chumvi ni chumvi. Shirika hilohilo linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na soseji za pakiti, hata za mimea, zinaweza kula sehemu kubwa ya hizo. Soma pakiti.

"Hutajua tofauti." Utajua. Hazitoi ule mchuzi wa mafuta ukizing'ata, na ndani ni laini zaidi. Baba mkwe alikula ya kwanza kimya, akala ya pili, akauliza kachumbari iko wapi. Baada ya ya tatu akasema, "Hii si soseji, mwanangu. Zimebaki ngapi?"