Kipenzi cha vijana si kila kijana maarufu

Mtoto wa miaka tisa akiigiza vizuri kwenye tamthilia, wachangiaji wanamwita kipenzi cha vijana. Mwanamuziki wa miaka thelathini na mitano akijaza uwanja, naye ni kipenzi cha vijana. Kisha yeyote kati yao akikaa miaka miwili bila kutoa kitu, hukumu inatoka hapo hapo: amechuja. Yote hayo nimeyavumilia. Lakini majuzi nimesoma kwamba mwimbaji Ricky Nelson wa Marekani alikuwa kipenzi cha vijana tangu ana miaka minane, hadi siku alipozomewa New York kwa sababu alikuwa hajui tena kuimba. Katika sentensi hiyo moja kuna makosa matatu, na Nelson ndiye mtu ambaye tungepaswa kumtumia kuieleza dhana yenyewe.

Maana kwanza. Kipenzi cha vijana ni mwimbaji au mwigizaji, mara nyingi mvulana, ambaye wateja wake ni watu wa rika lake au wadogo kidogo, hasa wasichana wa shule. Sura yake inauzwa sambamba na kazi yake, na wazazi wa wasichana hao hawaoni sababu ya kuzima televisheni anapotokea. Basi, ni hivyo tu.

Kinachosumbua watu ni tofauti yake na nyota mtoto, na kwa Nelson kosa hilo linaeleweka, maana alikuwa vyote viwili kwa zamu. Baba yake, Ozzie, aliongoza bendi ya dansi tangu miaka ya 1930, na mama yake, Harriet, alikuwa mwimbaji wa bendi hiyo. Mwaka 1944 walianzisha kipindi cha redio kuhusu maisha ya familia yao. Mwanzoni watoto wao waliigizwa na watoto wengine. Mwaka 1949 David na mdogo wake Ricky wakaanza kujiigiza wenyewe. Oktoba 1952 kipindi kikahamia televisheni ya ABC, kikadumu huko hadi 1966. Ricky ndiye aliyekuwa mtundu wa nyumba, mwenye majibu ya mkato yanayomwacha baba mdomo wazi. Watu wazima walimcheka kama wanavyomcheka mtoto wao akisema jambo lililomzidi umri. Huyo ni nyota mtoto: anapendwa na wazazi. Shirley Temple alikuwa hivyo miaka ya 1930, na hakuna anayemwita kipenzi cha vijana.

Mpaka kati ya hali hizo mbili, kwa Nelson, una tarehe. Tarehe 10 Aprili 1957, akiwa hajatimiza miaka 17, alitokea katika kipindi kile kile cha familia kama mpiga ngoma, kisha akasimama mbele ya bendi akaimba "I'm Walkin'", wimbo wa Fats Domino uliokuwa bado wa moto. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba msichana wake alikuwa amemsifia Elvis mbele yake, naye kwa wivu akajibu kwamba hata yeye anatoa santuri. Ikabidi aitoe kweli. Fats Domino, mwimbaji mweusi ambaye wimbo ulikuwa wake, hakuwa na kipindi cha kumwingiza kila wiki katika sebule za Wamarekani weupe. Hiyo ni mada nyingine, lakini isisahaulike mtu anaposema kijana fulani "alilipuka" tu.

Baada ya jioni ile Ozzie, aliyekuwa mwongozaji na mtayarishaji wa kipindi, alijua ameshika nini. Akaanza kumpa mwanawe wimbo mwishoni mwa kipindi, mara nyingi usiohusiana kabisa na hadithi iliyotangulia. Kisa cha familia kimeisha, baba ameshapatana na jirani, halafu ghafla Ricky yuko jukwaani na gitaa, wasichana wamemzunguka. Santuri ilitangazwa mbele ya familia nzima bila mtu kukata tiketi wala kutoka nyumbani. Huku kwetu televisheni ilikuwa bado: Kenya ilianza mwaka 1962, Tanzania Bara ikasubiri hadi miaka ya 1990. Ndiyo maana wengi wetu tulizisikia sauti za vijana hawa redioni au kwenye kaseti bila kuiona sebule iliyowatengeneza.

Sebule ndiyo inayomtenga Nelson na Elvis, ingawa nyimbo zao zilikuwa za ukoo mmoja. Januari 1957, katika kipindi cha Ed Sullivan, kamera zilimwonyesha Elvis kuanzia kiunoni kwenda juu, kwa sababu kiuno chake kilikuwa kinawatisha wazazi. Miezi mitatu baadaye Ricky aliimba muziki wa aina hiyo hiyo akiwa na mama yake kipindini. Kipenzi cha vijana wa zama zile alihitaji idhini ya nyumbani, naye alikuja nayo mkononi. Tarehe 4 Agosti 1958 jarida la Billboard lilipochapisha kwa mara ya kwanza orodha yake ya nyimbo mia, aliyekaa namba moja alikuwa Ricky na "Poor Little Fool", wimbo uliotungwa na Sharon Sheeley, msichana wa rika lake. Desemba mwaka huo picha yake ikawa jalada la jarida la Life.

Wengine walitengenezwa kwa haraka zaidi. Wiki kumi kabla ya Ricky kuimba, Tommy Sands aliigiza katika tamthilia ya televisheni kama mwimbaji kijana anayegeuzwa kipenzi cha umma, na kufumba na kufumbua akawa hivyo hivyo mtaani. Philadelphia walikuwa na waimbaji vijana Fabian na Frankie Avalon, waliopitishwa kwenye kipindi cha dansi cha American Bandstand, ambacho ABC ilianza kukirusha nchi nzima Agosti 1957. Fabian hakuwa na sauti ya kujivunia, na waliomsimamia hawakuhangaika sana na hilo. Nelson alikuwa anaweza. Sauti yake ilikuwa tulivu, na nyuma yake alikuwepo mpiga gitaa James Burton, ambaye baadaye Elvis mwenyewe alimchukua.

Sasa hili la kuchuja. Mwaka 1961 Nelson alikuwa tena namba moja na "Travelin' Man". Alipofikisha miaka 21 akaiacha y ya mwisho, akataka aitwe Rick. Mwaka 1963 alisaini na kampuni ya santuri ya Decca mkataba wa miaka ishirini, akaoa, akapata mtoto. Mwanzoni mwa 1964 wimbo wake "For You" ulifika namba sita. Kisha tarehe 9 Februari Beatles, kundi la Uingereza, wakatokea kwa Ed Sullivan, na baada ya mwaka huo Nelson hakuingia tena katika nyimbo arobaini za juu hadi miaka ya 1970 inagonga hodi.

Watu hulaumu Beatles peke yao. Mimi naangalia umri wa wateja. Msichana aliyekuwa na miaka 14 mwaka 1957 alikuwa na 21 mwaka 1964, pengine ana mume na kazi, na mdogo wake hawezi kumlilia kijana aliyeliliwa na dada. Ukipenzi ni kama sare ya shule: unaweza kuitunza isichakae, lakini aliyeivaa anakua. Nelson alijua mapema kwamba nafasi ile ilikuwa na mipaka. Mwaka 1962 aliimba "Teen Age Idol", wimbo wa mtu anayeshangiliwa kila mji na bado ni mpweke, na wenyewe ukafika namba tano.

Twende New York. Tarehe 15 Oktoba 1971, Madison Square Garden, lilikuwa tamasha la nyimbo za zamani. Nelson alifika na nywele za mabegani, suruali pana miguuni, na Stone Canyon Band, kundi lake lililochanganya roki na kantri. Aliimba nyimbo zake za zamani na watu wakapokea. Alipoingia kwenye wimbo wa Rolling Stones, zomeazomea ikaanza. Wapo waliosema kelele zile zilielekezwa kwa polisi waliokuwa wakiwatoa wakorofi nyuma ya ukumbi. Yeye aliamini anazomewa yeye, akashuka jukwaani. Vyovyote ilivyokuwa, hakuna aliyelalamikia sauti. Watu walilipa kumwona Ricky, akaja Rick.

Kwa hiyo ndugu mwandishi, bila ugomvi: ule wa miaka minane ulikuwa unyota wa mtoto, ukipenzi ulianza Aprili 1957 na kufikia 1964 ulikuwa umekwisha, na yule unayesema alikuwa hajui tena kuimba alikiandikia wimbo kisa hicho hicho, "Garden Party", ukafika namba sita Marekani mwaka 1972.