Mtazame abiria wa mbele mguuni

Siku ya kwanza darasani huwa sifundishi kitu. Nawagawia wanafunzi vikaratasi, namwambia kila mmoja ajipe alama za udereva, moja hadi kumi, bila kuandika jina. Wengi si wageni wa usukani. Kuna walioendesha bodaboda miaka, kuna aliyejifunzia kirikuu cha baba mdogo kwenye njia za mashamba ya mkonge, kuna mwenye leseni iliyokwisha muda. Nikivikusanya nakuta saba, nane, nane, tisa, nane. Tano hutokea kwa nadra. Nne bado naisubiri.

Msidhani ni majivuno ya watu wa Tanga. Mwaka 1981 mtafiti Ola Svenson aliwauliza wanafunzi wa Marekani na wa Sweden swali la aina hiyohiyo. Kwa upande wa ustadi, asilimia 93 ya Wamarekani walijiweka kwenye nusu ya juu ya wenzao. Kwa Waswidi ilikuwa asilimia 69. Sasa nusu ni nusu, haichukui watu zaidi ya nusu. Wengi pale walijikosea hesabu, tena kwa moyo mweupe kabisa, bila nia ya kudanganya mtu.

Kwa hiyo mimi nikitaka kumjua dereva simuulizi yeye. Namtazama abiria wa kiti cha mbele, mguuni. Aliyekaa na dereva mzuri hunyoosha miguu, anapiga soga, anakula machungwa yake ya Muheza na kutafuta pa kutupa maganda. Aliyekaa na dereva mbaya anakanyaga breki isiyokuwepo. Unaona kabisa kisigino kimegandamiza zulia la gari, vidole vimekaza ndani ya ndala, na mwenyewe hana habari kwamba anafanya hivyo. Maneno yanakatikia katikati. Dereva yeye anaendelea kusimulia, mkono mmoja kwenye usukani, akijihesabu kuwa nane.

Kinachomdanganya ni mikono. Mikono hujifunza upesi: klachi, gia, kurudi nyuma kwa kutumia saiti mira, miezi michache tu mtu kaiva. Akishaiva anadhani udereva wenyewe ndio huo. Mwaka 1974 watafiti wawili wa Marekani, Williams na O'Neill, walizilinganisha rekodi za barabarani za watu wenye leseni za mashindano ya magari na rekodi za madereva wa kawaida. Hawa wa mashindano, ambao kwa mikono hakuna wa kuwagusa, ndio waliokutwa na ajali nyingi zaidi na makosa mengi zaidi katika barabara za watu wote. Hapa vijana wa kiume darasani hubisha mpaka kengele inagonga. Lakini fikiria: mwenye mkono mwepesi huingia mahali ambapo mwenye mkono mzito angeogopa, na akishaingia, bahati ndiyo inayoamua.

Niliwahi kuwa na wanafunzi wawili wa zamu moja. Kijana wa bodaboda, gari halishtuki hata kidogo anapobadilisha gia, na mama mmoja mstaafu ambaye kila akiondoka gari linazima, analiwasha, linazima tena, na nyuma watu wanapiga honi. Jioni moja niliwapitisha wote Ngamiani, kwenye zile barabara za namba ambako hujamaliza kupita nyumba chache umeshafika makutano mengine. Watoto walikuwa wakikimbiza matairi mabovu ya pikipiki kwa vijiti. Tairi moja likatoka uchochoroni mbele ya kijana. Akalikwepa, kwa mkono mmoja, kwa ustadi wa ajabu, kisha akanigeukia nimsifu. Mama alipopita saa moja baadaye, watoto walikuwa bado wapo. Tairi lilipochomoza, gari letu lilikuwa limeshapunguza mwendo, mguu wake uko juu ya breki. Likapita, na mtoto akapita nyuma yake bila hata kututazama.

"Mama, umelionaje?" nikamuuliza.

"Sikuliona tairi, mwalimu. Niliona vumbi, nikasikia kelele. Na tairi halitembei peke yake, lazima lina mwenyewe."

Kisha gari likamzimia.

Nilimpa alama zaidi yeye. Kuzima gari ni ugonjwa wa wiki mbili. Kumtazama mwalimu baada ya kukwepa tairi, badala ya kutazama kama nyuma ya tairi kuna mtoto, huo ni ugonjwa ambao mtu anaweza kuzeeka nao.

Dereva mzuri hufanya kazi yake kwa macho, na hufanya mapema. Utafiti wa Mourant na Rockwell wa mwaka 1972 ulionyesha kuwa wanaoanza hutazama karibu mno mbele ya boneti na vioo wanavitazama mara chache. Wazoefu hutupa macho mbali na kuyazungusha. Waingereza wakaona jambo hilo ni zito, tangu 2002 mtihani wao wa leseni una sehemu ya kutazama video na kutambua hatari kabla haijakomaa. Sisi tukiwa njiani kutoka stendi ya Kange kuja mjini, nina swali langu moja la ghafla: "Nyuma yetu kuna gari gani?" Na ni marufuku kutazama kioo kabla ya kujibu. Anayejibu "daladala, na pembeni yake kuna baiskeli" nampenda. Anayebabaika ametembea kilomita nzima akijua nusu ya barabara tu.

Baiskeli nimezitaja makusudi. Tanga ni mji wa baiskeli, na nyingi hazina taa. Magharibi, jua likiwa machoni, mzee aliyefunga madafu nyuma haonekani mpaka umemfikia. Yeye hana bodi wala mkanda. Kumpita mwachie nafasi ya mita moja na nusu, na kama gari linakuja mbele na nafasi haipo, kaa nyuma yake. Ni sekunde kumi za maisha yako.

Mwendo unahitaji hesabu kidogo. Ukiwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo wa kisheria kwenye makazi, gari linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Macho yakiona hatari, mguu unahitaji kama sekunde moja kufika kwenye breki. Mita 14 hizo zimekwenda bure. Kisha breki nazo, kwenye lami kavu na matairi mazima, zinataka mita 14 nyingine. Jumla 28. Nenda 100, watu watadhani ni mara mbili, yaani 56. Sivyo. Umbali wa breki hukua kwa mraba wa mwendo, yaani mwendo ukiwa mara mbili, wenyewe huwa mara nne: mita 28 za kufikiri na kama 55 za kusimama, jumla zaidi ya 80. Na kwa mtembea kwa miguu, Shirika la Afya Duniani linasema hatari ya kufa akigongwa huongezeka mara 4.5 mwendo ukipanda kutoka 50 hadi 65. Kilomita kumi na tano tu, zile ambazo mtu huziita "nimechangamsha kidogo".

Nafasi ya kumfuata mwenzio usiikadirie kwa macho. Chagua nguzo ya umeme. Gari la mbele likiipita, sema taratibu "mia moja na moja, mia moja na mbili". Ukiifikia nguzo kabla hujamaliza, umemkaribia mno. Mvua ikinyesha, sema mara mbili.

Ulevi sitausema sana, anayeendesha amelewa anajua anachofanya. Simu nayo: anayeitumia huku anaendesha yuko katika hatari ya ajali kama mara nne ya asiyeitumia. Tuendelee.

Dereva mzuri hamshtui mtu. Indiketa yake huwaka kabla ya breki, si baada ya kona. Kwenye kipilefti anamwachia aliyekwisha kuingia, anayetoka kulia kwake. Hachomekei, hatanui. Lakini ustaarabu huo una mtego wake kwenye barabara kuu. Malori ya masafa yana lugha yao: la mbele likiwasha indiketa ya kushoto linakuambia pita, ya kulia subiri, kuna gari linakuja. Ni ukarimu mzuri, ila indiketa ya kulia ndiyo hiyohiyo ya mtu anayekata kulia, na ya kushoto ndiyo ya anayetaka kuegesha. Kabla ya kuovateki, tazama mwenyewe. Dereva wa lori amekukaribisha, hajakukatia bima.

Kama kuna mahali mkoani kwetu panapomvua mtu nguo, ni mteremko wa Lushoto kuja Mombo. Zaidi ya kilomita 30 za kona, mlima upande huu na korongo upande ule, unashuka takriban mita 1,000. Hapo hukutana na wale wa kutoa gia gari liende fri, eti wanabana mafuta. Hesabu yenyewe imegeuzwa. Magari ya sasa yenye mfumo wa sindano za kupulizia mafuta kwenye injini, ukiondoa mguu kwenye pedeli ya mafuta gari likiwa ndani ya gia, injini hukata mafuta kabisa kwa sababu matairi ndiyo yanayoizungusha. Ukitoa gia, injini inalazimika kula mafuta ili isizime. Basi wamepoteza mafuta, na uzito wote wa gari wameuangushia breki. Breki hupata moto. Mafuta ya breki yakizeeka yanakuwa yamevuta maji, yanachemka mapema, yanatoa mapovu, na mapovu yanabonyea. Unakanyaga, pedeli inazama kama mguu kwenye tope la mikoko. Wazee wa njia ile wana neno lao: gia uliyopandia ndiyo ya kushukia. Injini ikizuia gari, breki unaigusa tu kwenye kona kisha unaiachia ipumue. Ukinusa harufu ya kuungua, simama pembeni mahali salama, na usizimwagie maji.

Turudi kwa abiria. Watafiti Habyarimana na Jack walibandika ndani ya baadhi ya matatu za Kenya stika za kuwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha hovyo. Hawakumfundisha dereva lolote jipya. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2011, madai ya bima kwa magari yale yalishuka kwa nusu hadi theluthi mbili. Sisi wa pwani tuna haya ya kumsemesha dereva, tunaona ni kumvunjia heshima, tunabaki kukanyaga zulia.

Mjomba wangu hakuwa na haya hiyo. Usiku mmoja tulikuwa tunarudi Tanga kutoka msibani Dar es Salaam, mimi nimeamka tangu alfajiri. Baadaye sana ndipo niliposoma utafiti wa Dawson na Reid wa 1997, kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 utendaji wake hushuka sawa na mwenye kiwango cha kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Usiku ule nilijua tu kwamba mimi ni dereva. Tumeshaipita Kabuku, nikauona mguu wa mjomba unakandamiza chini. Nikacheka.

"Mjomba, njia hii naijua."

"Sijakuuliza njia, mwanangu. Nimekuuliza usingizi."

Hakuwa ameniuliza kitu, au aliuliza mimi sikusikia. Kilichoniamsha ni sauti ya changarawe chini ya matairi ya kushoto, na mkono wake uko juu ya usukani pamoja na wangu. Tulisimama Segera. Nilipofumbua macho adhana ilikuwa imekwisha, na yeye amekaa kwenye benchi la mama ntilie, chai mkononi, ufunguo wa gari kwenye mfuko wa kanzu. Alinirudishia baada ya kikombe cha pili.