Mishono mia mbili haitakushonea mfarishi

Wiki hii nimeulizwa tena. Mama mmoja amekuja karakana na cherehani mpya, plastiki ya boksi hajaimaliza kuibandua, ananiambia: "Fundi, shikamoo. Hii ina mishono ya aina mia mbili, nimeambiwa ndiyo yenyewe kwa mifarishi. Mbona inaruka?" Mfarishi wenyewe, lile blanketi la kushonwa la tabaka tatu, alikuja nao. Tukaupitisha chini ya mkono wa mashine, ukakwama kama godoro linalolazimishwa kuingia dirishani. Mishono mitatu ilishika, wa nne ukaruka, chini uzi ukajisokota. Dukani walimhesabia mishono. Hakuna aliyemuuliza kitanda chake ni cha futi ngapi.

Nimechoka kulijibu hili mmojammoja kwenye simu, kwa hiyo naliandika lote hapa.

Mfarishi unashonwa kwa mshono mmoja, ule ulionyooka. Unaunganisha vipande vya kitenge kwa mshono ulionyooka, unatandaza faiba ya kujazia, chini unaweka amerikani, kisha unazipigilia tabaka zote tatu kwa mshono uleule. Pindo nalo ni hivyohivyo. Zigizaga utaitaka ukibandika ua la kitambaa juu, na mshono wa tundu la kifungo utaufaa kwa foronya. Hiyo ni mishono mitatu. Mia moja tisini na saba iliyobaki umeitolea pesa ambayo ingekununulia nafasi, na nafasi ndiyo mfarishi unayoitaka.

Tena wingi wa mishono unaweza kukuharibia ule mmoja unaouhitaji. Hapa naomba msome polepole. Mashine inayopiga zigizaga lazima bamba lake la sindano liwe na tundu pana, kwa kawaida milimita 5 hadi 7, kwa sababu sindano inacheza kushoto na kulia. Mashine ya mshono ulionyooka tu ina kitundu cha mviringo ambacho sindano inapita kwa kubanana. Sasa weka tabaka tatu zenye faiba juu ya tundu pana. Sindano ikishuka inakisukumia kitambaa ndani ya tundu, ikianza kupanda kitambaa nacho kinapanda. Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Kitanzi cha uzi hujengeka nyuma ya sindano pale inapopanda kidogo tu, kama milimita mbili, huku kitambaa kimetulia mahali pake. Kitanzi hicho ndicho ndoano ya chini inachokuja kukikamata. Kitambaa kikipanda pamoja na sindano, uzi haulegei, kitanzi hakijengeki, ndoano inapita bila kitu. Huo ndio mshono unaoruka.

Mafundi wenzangu, nanyi nisikilizeni. Si kila mshono unaoruka ni taimingi, yaani sindano na ndoano kutokukutana kwa wakati. Napokea mashine ambazo taimingi yake ilikuwa salama, ikaja kuvurugwa na mtu aliyefungua kabla hajabadilisha hata sindano. Anza na sindano mpya. Kwa kitenge na faiba nyembamba weka namba 14, faiba ikiwa nene weka 16. Mashine ya nyumbani inataka sindano ya HAx1, yenye shina lililobapa upande mmoja. Ile ya DBx1 yenye shina la mviringo ni ya kiwandani, msiilazimishe. Ikiendelea kuruka, tafuta bamba la kitundu kimoja la mashine yako, kama lipo. Ukilifunga, usiguse zigizaga hata kwa bahati mbaya, sindano itagonga chuma na kuvunjika.

Sasa twende kwenye nafasi. Naizungumzia ile iliyo kulia kwa sindano, chini ya mkono wa mashine. Mimi huiita kwapa. Mnunuzi anasoma maandishi yote ya boksi na kwapa halipimi, wakati rula ya mtoto wa shule ingetosha.

Hesabu yenyewe ni hii. Kitanda cha tano kwa sita kinataka mfarishi wa kama futi 7 kwa 8 ili uning'inie pembeni. Kushona tunaanzia katikati kwenda nje. Ukiwa katikati, nusu ya upana, yaani futi tatu na nusu au sentimita 107 hivi, lazima iviringwe ipite kwapani. Mfarishi wenye unene wa sentimita 1 ukiviringwa kwa kukazwa unatoa mzinga wa kipenyo cha karibu sentimita 12. Unene ukiwa sentimita 2, mzinga unafika 16 na kitu. Mashine nyingi ndogo za nyumbani kwapa lake ni sentimita 16 au 17, na urefu wa kwenda juu ni mdogo kuliko hapo. Mkono wako utapita wapi? Ndiyo maana mama wa watu alikuwa anausukuma mfarishi kwa kifua.

Kichwa cheusi cha Butterfly cha cherehani ya miguu, ambacho wengi wanakidharau kwa sababu bibi alikuwa nacho, kwapa lake linakaribia sentimita 20. Mashine za kampuni ya Juki za aina ya TL, zinazopiga mshono ulionyooka tu hadi mara 1,500 kwa dakika, zina kama sentimita 22. Ya kiwandani inavuka 26. Angalia kitu kimoja: kadiri kwapa linavyopanuka hapo, kati ya hizo hakuna hata moja yenye mishono ya maua na mabata.

Cherehani ya miguu naitetea kwa sababu nyingine pia. Kichwa chake kimelala sawa na meza. Mashine ya kubeba ukiiweka juu ya meza inasimama juu, mfarishi unaning'inia pembeni na uzito wake unaivuta sindano. Sindano inapinda, inagonga bamba, inakatika, kisha lawama anapewa fundi. Mwite seremala aitobolee meza, mashine izame mpaka kitako chake kilingane na ubao. Hiyo peke yake huondoa nusu ya malalamiko ninayoletewa.

Kuhusu ya kiwandani nitasema ukweli wangu, nao haujatulia. Wateja wa nyumbani huwa nawaambia wasinunue. Inakula ukuta mzima, kichwa ni kizito kukibeba, na ukifungiwa mota ya klachi inanguruma muda wote hata kama hushoni. Lakini mfarishi mkubwa ukija, mimi mwenyewe naushonea hapo. Mguu wake wa kukandamiza kitambaa ukiuinua kwa goti unapanda karibu milimita 13, kwa mkono kama 5 tu. Ukishazoea kuinua kwa goti huku mikono miwili imeushika mfarishi, kurudi nyuma ni taabu. Kwa hiyo mwenye chumba cha ziada na mota ya servo, ile inayonyamaza ukiondoa mguu, sina tena nguvu ya kumkataza. Aangalie tu asiuziwe yenye herufi H mwishoni mwa jina, kama Juki DDL-8700H. Hiyo imetengenezwa kwa vitambaa vizito, na kwa khanga si chaguo langu.

Mashine za mitumba kutoka Japani ni nzuri, ila zinatumia volti 100. Yetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja, mota imekwenda. Transfoma kwanza.

Meno ya kusukuma kitambaa: ukitaka kuchora maua kwa mshono, lazima yashuke ili mikono yako ndiyo iongoze. Uliza dukani kama yanashuka. Kama hayashuki, kuna kibati cha kuyafunika. Tuendelee.

Kuna ule mguu mkubwa wenye meno yake ya juu, unaosukuma kitambaa cha juu sambamba na cha chini. Kila mahali unaambiwa ni lazima. Sababu yake naielewa: meno ya chini yanakipeleka kitambaa cha chini, mguu wa kawaida unakizuia cha juu, ukifika mwisho cha juu kimezidi na kimekunjamana. Lakini nimeshona mifarishi yenye faiba nyembamba bila mguu huo, nikapiga bandi, yaani mishono ya muda ya kushikilia tabaka, kila shubiri moja na kulegeza kidogo mkandamizo wa mguu, na sikuona tofauti. Kwa faiba nene tofauti naiona wazi. Kwa hiyo anayeniuliza kama aununue namrudishia swali: bandi unapiga, au unashika kwa pini nne na kumwachia Mungu?

Tensheni nayo, yaani mkazo wa uzi, vitabu vinakupa namba. Mimi nashona kwenye kipande cha masalio chenye tabaka zilezile, uzi uleule, nageuza nyuma naangalia, nakaza robo mzunguko, narudia. Ziko siku napata mara ya pili, ziko siku nafika mara ya kumi. Miaka yote hii haijanipa njia fupi zaidi.

Yule mama sikumwambia akauze mashine yake. Hela imeshatoka, na kwa nguo za watoto itamfaa miaka. Tumebadilisha njia. Mfarishi wake tumeukata kwenye mistari ya vipande, sasa anashona miraba ya futi moja na nusu, kila mmoja na faiba yake na amerikani yake, mashine inaimeza bila kulalamika. Miraba ikiisha ataiunganisha safu kwa safu, na maungio ya nyuma atayafunika kwa utepe wa amerikani aliopinda kwa pasi. Jana alikuwa amefika mraba wa saba. Hakuna mshono ulioruka.