Homa ya nyika inapopanda mlima

Wasambaa wa zamani, wenyeji wa milima ya Usambara mkoani Tanga, waliigawa nchi yao sehemu mbili: Shambaai, juu milimani kwenye ubaridi, na nyika, tambarare za chini zenye joto na homa. Hadubini hawakuwa nayo, lakini mpaka wao hauko mbali na ule tunaouona sisi kwenye vipimo. Ukitoka Muheza kupanda kuelekea Amani, au Mombo kuelekea Lushoto, maambukizi ya malaria hushuka kadiri unavyopanda.

Siri iko tumboni mwa mbu. Anofelesi, mbu anayeeneza malaria, akimnyonya mgonjwa leo, kesho hawezi kukuambukiza. Vimelea lazima vipevuke kwanza ndani yake, kisha vihamie kwenye tezi za mate. Kwenye nyuzijoto 25 kazi hiyo huchukua siku kama 12. Kwenye nyuzi 20 hukaribia mwezi, na ikifika 16 karibu husimama kabisa. Mbu mwenyewe hana umri mrefu; wengi hawamalizi wiki tatu. Huko juu basi, mara nyingi mbu hufa na vimelea vyake vichanga. Ndiyo maana nyuzi mbili tu za joto zikiongezeka, ambazo wewe pengine usingezihisi, zinaweza kumtosha mbu kuambukiza kabla hajafa.

Joto hilo haliletwi na hali ya hewa ya dunia peke yake. Msitu ukifyekwa, kivuli kinaondoka, na maji kwenye nyayo za ng'ombe na mashimo ya matofali yanapigwa na jua. Anofelesi gambie anayapenda mno madimbwi ya namna hiyo. Katika nyanda za juu za magharibi mwa Kenya, watafiti walikuta nyumba za maeneo yaliyofyekwa zina joto kuliko zilizo karibu na msitu, na vimelea ndani ya mbu vilipevuka mapema zaidi. Kwetu Amani, wanasayansi waliandika mwaka 1987 kwamba sura ya malaria imebadilika, wakataja ukataji wa msitu miongoni mwa sababu.

Lakini tusilibebeshe shoka lawama zote. Malaria ilipanda pia kwa sababu klorokwini ilikuwa imeshindwa kazi. Tanzania iliiacha kama dawa ya kwanza mwaka 2001. Tena kuna vijiji vya Tanga ambako mbu walipungua sana kati ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na 2009, bila mpango wowote wa kuwaangamiza. Watafiti walishuku mvua zisizotabirika. Mazingira yakibadilika, mbu naye anaweza kupata hasara.

Ninachohofia zaidi ni mazoea. Mtu mzima wa Muheza ameumwa na mbu tangu utoto, mwili wake una kinga kiasi. Wa Mlalo, huko juu milimani, hana, na malaria ikimpata inaweza kumwangusha vibaya. Akishuka kwenda mnadani nyikani, akarudi, na wiki mbili baadaye akashikwa na homa, asiseme "huku kwetu baridi". Aende zahanati apimwe siku hiyo hiyo, na amwambie mhudumu alilala wapi.