Krapi hakai chini: kumvua chini ya barafu bila sona

"Teremsha mpaka iguse chini, pandisha shubiri moja, subiri." Huu ndio ushauri anaopewa kila mgeni wa Minnesota, kaskazini mwa Marekani, aliyenunua fimbo yake ya kwanza ya kuvulia kwenye barafu ili amvue krapi, samaki wa maziwa ya Amerika Kaskazini. Ukiuliza sababu, unajibiwa kwa sauti ya mwalimu wa fizikia: maji mazito kuliko yote ni ya nyuzi 4, hayo huzama, kwa hiyo joto liko chini na samaki wamelala huko. Siku ikipita bila kitu, hitimisho ni lile lile kila mwaka: krapi bila sona, kifaa cha kuonyesha samaki chini ya maji kwa mawimbi ya sauti, haiwezekani, tafuta hela ununue. Nimechoka kujibu hili ujumbe mmoja mmoja. Nalijibu hapa.

Fizikia yenyewe haina kosa. Maji yanayogusa barafu yana karibu nyuzi 0, ya sakafuni yanakaribia 4. Kwa samaki wa sakafuni ushauri huo unafaa kabisa. Lakini krapi mweusi, ambaye ndiye wengi wetu tunamvua huku kaskazini, hafuati joto la nyuzi mbili tatu. Anafuata chakula. Katikati ya majira ya baridi anahamia kwenye bakuli za ziwa, yaani mabonde mapana ya sakafu yake, kina cha futi 20 hadi 35, na huko ananing'inia katikati ya maji, futi 3, 6, hata 12 juu ya sakafu. Ukikaa shubiri moja kutoka chini, kundi zima linaogelea juu ya kichwa cha ndoano yako na hutajua.

Chakula hicho ni vijidudu vya majini na viluwiluwi vya Chaoborus, vyembamba na vyeupe kama kioo. Waliokulia kando ya Ziwa Nyasa au Victoria wanawajua wazazi wa jamii hiyo: ndio usubi unaopanda juu ya maji kama mawingu ya moshi, na huko Nyasa watu huwakusanya na kuwafinyanga mikate. Mchana viluwiluwi hivi hujificha kwenye tope. Jua likizama hupanda, na krapi hupanda navyo.

Wapo wanaoeleza jambo lote kwa oksijeni: theluji inazuia mwanga, mimea haitengenezi oksijeni, uozo wa sakafuni unaimaliza, samaki wanasukumwa juu. Mwezi wa pili na wa tatu hilo ni kweli, hasa kwenye maziwa yenye tope jingi. Lakini krapi hao hao huning'inia mwezi wa kumi na mbili, oksijeni ikiwa tele hadi chini. Kwa hiyo maelezo hayo peke yake hayatoshi, hata yakiandikwa vizuri namna gani.

Sasa kuhusu sona. Sona za bei ya mvuvi wa kawaida zilianza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na krapi walikuwa wakitolewa chini ya barafu kabla ya hapo. Inachokupa sona ni jambo moja kubwa: samaki yuko futi ngapi kutoka juu. Hilo linapimika kwa mshipi na mikono, ila linachukua muda zaidi.

Usalama kwa haraka, maana umeandikwa kila mahali: barafu mpya iliyo angavu, inchi 4 kwa mtu anayetembea kwa miguu, barafu nyeupe, mara mbili ya hapo. Vaa jaketi la kuelea na ning'iniza shingoni misumari ya kujiokolea, ya kuchoma barafu na kujivuta ukitumbukia, usiizike ndani ya begi.

Mahali. Idara ya Maliasili ya Minnesota inatoa bure ramani za vina vya maziwa mengi. Tafuta bakuli lililo jirani na eneo pana la majani ya maji. Toboa matundu yote kwanza, kumi au kumi na mawili, hatua tano tano, kwa mstari unaotoka kwenye mteremko hadi katikati ya bakuli. Keekee ya mkono ya inchi 6 inatosha. Anayetoboa tundu moja, akavua nusu saa, akatoboa jingine, anawapigia kelele samaki mchana kutwa.

Pima kina kwa bildi, si kwa ndoano unayovulia. Kamba nyembamba, fundo kila futi, chubwi ya aunsi moja mwishoni. Pima matundu yote, uandike namba kwenye theluji kando ya kila tundu, ndipo urudi la kwanza. Kufikia hapo maji yametulia.

Nakuja kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote. Hata walioelewa kwamba krapi ananing'inia huanza kumtafuta kutoka chini, wakipanda. Mtazame samaki mwenyewe: mdomo umeinuka, macho makubwa yako juu kichwani. Anaona na kushambulia kilicho juu yake. Kwenye maji maangavu atapanda futi kadhaa kufuata jigi, ile ndoano ndogo yenye kichwa cha uzito. Kwenye maji ya ukungu atapanda kidogo. Kushuka kufuata jigi iliyo chini yake ni nadra. Kwa hiyo makosa mawili ya kina hayalingani. Ukikosea futi 3 juu yake, bado unaweza kumpata. Ukikosea futi 1 chini yake, hayupo. Mwenye sona anaweza kucheza na kosa hilo kwa sababu anaona. Wewe huoni, basi kosea juu, kila mara, kwa makusudi.

Chukua tundu la futi 28. Anza futi 10. Tikisa ncha ya fimbo kidogo sana, kama mkono unaotetemeka kwa baridi, kisha tulia kabisa. Dakika moja. Shuka futi 2, rudia. Kumi, kumi na mbili, kumi na nne, hadi 26: vituo tisa, dakika tisa. Hakuna kitu? Nenda tundu la pili. Wengi hukaa saa mbili kwenye tundu moja tupu kwa sababu wamewasha jiko la joto hapo na kiti kimekaa vizuri. Hiyo ni pikiniki, wala siipingi.

Utajuaje uko futi 14? Kuhesabu sekunde wakati jigi inashuka kunasifiwa sana, nami nina wasiwasi nako. Ukipima kwenye kina unachokijua, tuseme futi 28 kwa sekunde 14, unapata futi 2 kwa sekunde. Hesabu ni safi, maji si safi: mshipi unakwama kwenye pete za fimbo zilizoganda, rili (gurudumu la kukunjia mshipi) inasuasua, na kasi ya mwanzo si ya mwisho. Tumia hesabu kwa makadirio ya kwanza tu. Bora uvute mshipi kwa mkono: pima umbali kati ya rili na pete ya kwanza ya fimbo yako, na kila mvuto ni urefu huo huo. Au tumia pima ya kale ya mabaharia wetu, mikono iliyonyooshwa, takriban futi 6, kisha kamilisha kwa shubiri. Jipime mwenyewe kwa futi kamba, mikono ya watu hailingani.

Kingine kinachoharibu kipimo ni mshipi wenyewe. Nailoni inayohimili pauni 3 iliyolala kwenye rili tangu mwaka jana hushuka ikiwa imejikunja kama springi, na jigi nyepesi haina uzito wa kuinyoosha. Unadhani uko 14, uko 12. Unyooshe kwa mikono kabla ya kuanza, na tumia jigi ya tungsteni ya milimita 4 au 5, ambayo ni nzito kuliko ya risasi ya ukubwa huo huo. Fundo likae juu katikati ya kijicho cha jigi, pale mshipi unapofungwa, ili jigi ilale sawasawa. Likiteleza upande, jigi inasimama wima, na krapi huikagua na kuondoka. Lirudishe baada ya kila samaki. Chambo ni funza mmoja au wawili, basi. Rangi jadilianeni wenyewe. Ing'aayo gizani, imulikwe tochi kila baada ya dakika chache, na kuhusu rangi sina la zaidi.

Sheria ya Minnesota inaruhusu mishipi miwili kwenye barafu. Wa pili uwe na chelezo kinachoteleza na kisamaki hai, ndoano namba 8 ikipita nyuma ya pezi la mgongo, uti usiguswe. Uweke kwenye tundu la jirani, theluthi moja ya kina kutoka juu, huku jigi ikitafuta. Jigi ikipata samaki futi 17, sogeza kisamaki hadi 15. Ongeza vichubwi mpaka chelezo kibaki juu kwa shida. Na ondoa uji wa barafu kila mara. Mshipi ukigandia ndani ya chelezo, kipimo chako chote ni bure.

Krapi mara nyingi haangushi ncha ya fimbo. Anameza akiwa anapanda, mshipi unalegea, springi ya nchani (waya laini unaofungwa kwenye ncha ya fimbo kuonyesha samaki akigusa) inainuka. Anayengoja kuvutwa hukosa nusu ya samaki wake na kusema hawakuwepo. Springi ikinyooka, inua fimbo taratibu. Usikurupuke: ngozi ya mdomo wake ni nyembamba kama karatasi na ndoano itaichana. Halafu vuta bila kusita, na mshipi usilegee hata mara moja.

Kabla ya samaki wa kwanza kutoka majini lazima uwe na kumbukumbu ya kina. Funga fundo dogo la uzi juu ya mshipi, lilowanishe, lisogeze mpaka usawa wa maji unapofika kituo kipya. Baada ya samaki, shusha mpaka fundo liguse maji. Tatizo: springi nyingi zina kijicho chembamba ambacho fundo halipiti. Hapo weka alama kwa kalamu ya wino usiofutika, ukijua itafutika.

Na alama hiyo ina umri mfupi. Mwishoni mwa mwezi wa kumi na mbili jua la Minneapolis linazama karibu saa 10 na nusu, na kundi lililokuwa futi 20 saa tisa linaweza kuwa 14 giza likiingia. Wakiacha kula ghafla, usihame tundu kwanza. Panda futi 3, kisha 3 tena, ndipo uhame.

Kikomo ni krapi 10 kwa siku, na baadhi ya maziwa yana kikomo kidogo zaidi, angalia kanuni za ziwa lako. Lakini kwenye tundu la futi 30 na zaidi, samaki aliyetolewa kwenye kina hicho kibofu chake cha hewa kimeshatanuka. Ukimrudisha atazunguka chini ya barafu na kufa. Huko hakuna kuchagua wakubwa. Anayetoka anahesabiwa, awe mdogo namna gani, na ukishapata wa kutosha mboga ya leo unakunja mshipi au unahamia kina kifupi.