Saini ya seneta mmoja haitoshi tena

Tarehe 6 Januari 2001, Al Gore, makamu wa rais wa Marekani, alikalia kiti cha mwenyekiti Bungeni kusimamia hesabu ya kura zilizomkosesha urais. Wabunge wa chama chake mwenyewe walisimama mmoja mmoja kuzipinga kura 25 za Florida, na kila mmoja akaulizwa lilelile: pingamizi lako lina saini ya seneta? Maxine Waters wa California alisema hajali kama halina. Gore akamjibu kuwa kanuni zinajali. Pingamizi likaishia hapo.

Nikifundisha sheria ya uchaguzi ya Marekani huanzia kwenye kisa hicho, maana wanafunzi wangu huja darasani na picha ya Kenya kichwani: mgombea asiyeridhika anakwenda Mahakama ya Juu, mawakili wanabishana kwa ushahidi, majaji wanaamua ndani ya siku 14. Marekani nako mahakama zipo, na kesi za uchaguzi husikilizwa huko. Ila baada ya mahakama kuna mlango mmoja zaidi, ndani ya Bunge lao, Kongresi, lenye mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, lenye wabunge, na Seneti, yenye maseneta. Wajumbe wa uchaguzi 538, ambao ndio humchagua rais kwa niaba ya majimbo, hupiga kura Desemba, kila mmoja katika jimbo lake. Hati zao hupelekwa Washington, na saa 7 mchana tarehe 6 Januari hutolewa kwenye masanduku ya mbao na kusomwa kwa alfabeti, Alabama hadi Wyoming. Hapo ndipo mbunge anapopata nafasi ya kupinga.

Sheria ya 1887, iliyozaliwa na vurugu za uchaguzi wa 1876 kati ya Hayes na Tilden, iliufanya mlango huo ufunguke kwa urahisi mno. Mbunge mmoja na seneta mmoja wakishatia saini, kikao cha pamoja kinasimama, maseneta wanarudi ukumbini kwao, kila baraza linajadili kwa muda usiozidi saa 2, kila msemaji dakika 5. Kura hazikataliwi mpaka mabaraza yote mawili yakubali, na chini ya sheria ile hayakuwahi kukubali. Mwaka 1969 ilipingwa kura ya mjumbe mmoja wa North Carolina aliyemwacha Nixon, mshindi wa jimbo hilo, akampa mpinzani wake Wallace, ikahesabiwa. Mwaka 2005 ilikuwa zamu ya Ohio, na katika Seneti pingamizi lilipata kura 1 dhidi ya 74. Ilikuwa ya Barbara Boxer, aliyelitia saini mwenyewe.

Kisha ikaja 2021. Ya wafuasi wa Donald Trump kuvamia jengo la Bunge yanajulikana. Mimi nataka tutazame hesabu. Pingamizi la Arizona lilipata kura 121 za wabunge na 6 za maseneta. La Pennsylvania, 138 na 7.

Sheria mpya ilitiwa saini Desemba 2022. Sasa pingamizi linahitaji saini za moja ya tano ya kila baraza: viti vikijaa, wabunge 87 na maseneta 20. Wengi hudhani jipya kubwa ni kifungu kinachosema makamu wa rais hana mamlaka ya kuamua kura ipi ihesabiwe. Kifungu hicho ni kizuri, lakini rudi kwenye tarakimu za 2021. Baraza la Wawakilishi lingeivuka 87 bila jasho. Seneti ndiyo ingekwama. Kwa hiyo ukuta wenyewe ni wale maseneta 20, na siku chama kimoja kitakapowapata, ukuta huo haupo. Januari 2025 hakuna aliyejaribu. Kamala Harris, makamu wa rais wakati huo, alitangaza kushindwa kwake mwenyewe, 226 kwa 312, na shughuli ikaisha chini ya saa moja.

Sababu za kupinga nazo zimebanwa, zimebaki mbili tu. Ya kwanza, kwamba wajumbe wa jimbo hawakuthibitishwa kihalali. Ya pili, kwamba mjumbe hakupiga kura yake kwa utaratibu. Mbunge anatakiwa aitaje sababu kwa ufupi, bila hoja. Mgogoro wa hati ya gavana, ile inayothibitisha wajumbe wa jimbo, unapelekwa mapema kwa jopo la majaji 3 wa shirikisho, na rufaa inakwenda moja kwa moja Mahakama ya Juu. "Kura ziliibiwa" haimo kwenye orodha.

Kuna jambo ambalo hata wanasheria hulipita bila kuliona. Tuseme kura 19 za Pennsylvania zimekataliwa. Zikikataliwa kwa sababu ya kwanza, jumla inashuka hadi 519, na mshindi anahitaji 260. Zikikataliwa kwa sababu ya pili, jumla inabaki 538 na mshindi bado anatafuta 270. Asipozifikisha yeyote, rais anachaguliwa na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, Wyoming sawa na California.